Nina haki gani kuchimba ua wa wenyeji wa Brooklyn?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Brooklyn, New York, huu mwaka wa saba. Mtaa wetu ni wa Wamarekani Weusi tangu zamani. Kanisa la jirani limebandika tangazo: majirani wote tunaalikwa siku za Jumamosi kuchimba ua ulio nyuma ya nyumba moja kuukuu ya mbao, pamoja na wanaakiolojia, kabla ua huo haujajengwa. Baba Zuhura anasema kuchokoachokoa ardhi ya waliokufa ni kujitafutia mkosi, tena hayo si mambo ya wageni. Mimi nina hamu. Wanatafuta nini kwenye ua uliojaa takataka? Mtu asiyesomea anaweza kuchimba kitu kikawa na maana? Na mimi Mswahili nina haki gani hapo? – Mama Zuhura*

Marahaba, Mama Zuhura, na Baba Zuhura msalimie sana. Nianze na takataka, maana hizo ndizo wanazozitafuta.

Nyumba ya mbao ya karne ya 19 huko Brooklyn haikuwa na choo cha ndani. Nyuma yake palichimbwa choo cha shimo, mara nyingi kikajengewa kuta za mawe au matofali, na kando pakawa na kisima au tangi la kukingia maji ya mvua. Siku jiji lilipofikisha bomba la maji safi na la maji machafu, mashimo hayo yakakosa kazi, na shimo lililo wazi uani ni hatari kwa watoto. Basi mwenye nyumba akalifukia kwa kila alichotaka kukiondoa ndani: sahani zilizovunjika, chupa za dawa, mifupa ya kitoweo, viatu vilivyopasuka, kichwa cha mwanasesere, vifungo, kiko cha udongo. Juu akamwaga udongo na habari ikaishia hapo. Zaidi ya miaka mia baadaye shimo lile ni kama kabati lililofungwa na ufunguo ukapotea.

Na takataka hazina haya. Anayeandika barua huchagua maneno, na karani wa sensa huandika alichoambiwa au alichotaka kusikia. Anayetupa mfupa wa ng'ombe chooni hafikirii kwamba kuna mtu atausoma. Sisi wanaakiolojia tunausoma: alama za msumeno wa bucha zinatuambia familia ilinunua kipande gani cha nyama, cha ghali au cha rahisi. Chupa zinatuambia waliugua nini, au angalau walidhani wanaugua nini. Nikipewa nichague baina ya choo kilichofukiwa na sanduku la nyaraka za jiji, nitachukua choo, halafu nitakwenda kuomba nyaraka kwa adabu.

Kuna hesabu moja ndogo nitakufundisha, uwe nayo kabla hujafika. Shimo likitoa sahani za miaka ya 1830, kiko cha miaka ya 1840 na sarafu moja iliyopigwa mwaka 1855, basi shimo hilo halikufukiwa kabla ya 1855, hata kama vitu vingine vyote ni vya zamani zaidi. Kitu kichanga kuliko vyote ndicho kinachotoa hukumu. Ndiyo maana wenzangu hununa mtu anapong'oa chupa nzuri na kuja nayo mbio akishangilia. Chupa peke yake ni pambo la dirishani. Chupa iliyoandikwa imetoka shimo gani, tabaka gani la udongo, kina gani na ilikuwa jirani na nini, hiyo ni shahidi.

Nikupe mfano wa hapohapo New York. Sehemu ya magharibi ya Central Park, kuanzia mtaa wa 82 hadi wa 89, palikuwa na kijiji kilichoitwa Seneca Village. Kilianza mwaka 1825 pale Andrew Williams, kijana Mweusi wa miaka 25 aliyekuwa mng'arisha viatu, aliponunua viwanja vitatu kwa dola 125. Kanisa la Kimethodisti la Weusi, AME Zion, likanunua vingine. Kufikia 1855 wakazi walikuwa karibu 225, theluthi mbili Weusi na waliobaki wengi wao Waairishi, wakiwa na makanisa matatu na shule. Jiji lilipotaka bustani, lilitumia sheria ya kutwaa ardhi, likalipa fidia ambayo wengi waliiona ndogo, na mwaka 1857 kila mtu akawa ameondolewa. Magazeti yalikuwa yameshatayarisha njia kwa kuwaandika watu wale kama wavamizi wanaoishi kwenye vibanda vya uchafu. Lugha hiyo inahitaji kutafsiriwa, Mama Zuhura. Kila mtaa unaotakiwa kubomolewa huanza kwa kuitwa mchafu.

Mwaka 2011 wanaakiolojia Diana Wall na Nan Rothschild, pamoja na mwanahistoria Cynthia Copeland, walipata hatimaye kibali cha kuchimba pale. Walikuwa wameomba kwa miaka, wamechunguza ardhi kwa rada na kusoma kila hati. Walifukua msingi wa nyumba ya William Godfrey Wilson, mtunza kanisa la All Angels'. Walikuta birika la chuma la chai, karai la kuokea nyama, vipande vya kauri iliyotoka Uchina, na kiatu kidogo cha mtoto. Birika na kauri ya Kichina! Hao ndio “wavamizi” walioandikwa gazetini. Walikuwa watu wanaokaribisha wageni kwa chai kwenye vyombo vya heshima, kama mama yako Tanga anavyotoa vikombe vya kabatini wageni wakija. Hati za viwanja zilikuwepo miaka yote na zilisema walinunua kihalali, lakini hati haimtoi mtu machozi. Kile kiatu kinamtoa.

Sasa swali lako la pili, la mtu asiyesomea. Jibu lake liko umbali wa safari ya basi kutoka kwako. Nenda Bergen Street, kati ya Buffalo Avenue na Rochester Avenue. Utaona nyumba ndogo za mbao zilizokaa mshazari, hazifuati barabara. Zilifuata barabara nyingine, Hunterfly Road, njia ya kale kuliko mitaa iliyopimwa kwa rula baadaye. Hapo ndipo Weeksville.

Utumwa ulikomeshwa jimbo la New York tarehe 4 Julai 1827. Lakini katiba ya jimbo ya mwaka 1821 ilikuwa imeshaweka mtego: mwanamume Mweusi hapigi kura mpaka awe na mali isiyohamishika ya dola 250, sharti ambalo Wazungu waliondolewa. Kwa hiyo kiwanja kwao kilikuwa zaidi ya makazi, kilikuwa kura. Mwaka 1838 James Weeks, kuli wa bandarini, alinunua ardhi hapo kutoka kwa Henry C. Thompson, Mweusi mwenzake aliyewekeza katika viwanja. Wengine wakafuata. Katika miaka ya 1850 walizidi watu 500, wakiwa na shule yao, makanisa yao, na baadaye gazeti lao. Julai 1863, Wazungu wa Manhattan walipofanya ghasia za kupinga kuandikishwa jeshini na kuwageukia Weusi kwa kuwaua na kuwachomea nyumba, waliokimbia baadhi yao walipokelewa Weeksville. Kisha jiji likakua, likaumeza mtaa, na jina likafutika. Kufikia miaka ya 1960 hata waliokaa palepale wengi hawakulijua.

Mwaka 1968 mwanahistoria James Hurley alikuwa akifundisha darasa la historia ya eneo hilo katika chuo cha Pratt. Alikuwa ameliona jina Weeksville vitabuni lakini hakujua nini kimebaki. Akapanda ndege ndogo na rubani Joseph Haynes wakazunguka juu ya Brooklyn. Kutoka angani waliona kile ambacho mtu wa chini hakioni: mapaa machache yaliyokaa upande katikati ya mistari iliyonyooka. Hizo nyumba za Hunterfly.

Jirani na hapo kulikuwa na nyumba zinazobomolewa ili serikali ijenge mpya. Tingatinga halisubiri mtu amalize shahada. Mwaka 1969 wakazi waliingia wenyewe: vijana wa mtaani wakiongozwa na William Harley, mwenyeji wa hapo, maskauti, wanafunzi wa shule ya msingi PS 243, wazazi wao, na watu wa vyuo wakiwa pembeni kuelekeza. Walichekecha vifusi. Walipata vyombo, chupa, viatu, na picha moja iliyopigwa juu ya bati: mwanamke Mweusi, amevaa vizuri, anatazama kamera bila woga. Jina lake halijulikani mpaka leo. Wakamwita Bibi wa Weeksville na sura yake ikawa nembo ya kazi yote.

Wale watoto wa PS 243 hawakuishia kwenye vumbi. Walichanga senti zao kuanzisha mfuko, na walikwenda mbele ya tume ya jiji inayolinda majengo ya kale kutoa ushahidi kwa nini nyumba zile zisibomolewe. Mwaka 1970 tume ikazitangaza kuwa urithi unaolindwa. Jumuiya ya wakazi ikazinunua mwaka 1973, na msanii Joan Maynard akaiongoza kwa zaidi ya miaka 20, akizitengeneza kidogokidogo kadiri pesa ilivyopatikana.

Mimi ni mtu wa fani, siwezi kukusifia tu. Kazi ya 1969 ilikuwa ya kuokoa, kama kutoa vyombo nyumba inapowaka. Vitu vingi vilitoka ardhini bila kuandikwa tabaka, na kitu kilichokosa anwani hakipati tena. Wanaakiolojia wa chuo cha City College walikuja mwishoni mwa miaka ya 1970 kuchimba kwa utaratibu nyuma ya nyumba za Hunterfly, nao wangefurahi kama kila kipande cha mwanzo kingekuwa na namba. Lakini wangekuja kuchimba wapi? Bila watoto na senti zao, pangekuwa na maegesho ya magari. Ukiniuliza lipi bora, uchimbaji mzuri wa mahali palipokwisha kubomolewa au uchimbaji wa papara uliookoa mahali penyewe, sihitaji kuwaza.

Siku hizi si lazima uchague. Jumamosi utapewa mwiko, uleule wa fundi mwashi ila mdogo na umenolewa makali, na utakwangua udongo sentimita kwa sentimita ndani ya mraba uliozungushiwa kamba. Udongo unaingia kwenye ndoo, ndoo inakwenda kwenye chekeche, chekeche inabakiza vigae na vifungo, na kila kitu kinaingia mfukoni kikiwa na namba ya mraba na tabaka. Mtoto wa miaka kumi anaiweza kazi hiyo akisimamiwa. Kisichowezekana bila mtaalamu ni kuamua wapi tabaka moja limekwisha na jingine limeanza, kwa sababu wakati mwingine tofauti ni rangi ya udongo tu, kahawia na kahawia kidogo. Hapo mwite, usione haya. Hata sisi tunaitana.

Sasa Baba Zuhura. Hajakosea, na mji huohuo una kisa cha kumuunga mkono.

Mwaka 1991 serikali kuu ilikuwa inajenga jengo la ofisi la ghorofa 34 kwenye namba 290 Broadway, Manhattan. Ramani za kale zilionyesha hapo palikuwa makaburi ya Waafrika, watumwa na huru, waliokatazwa kuzikwa kwenye makaburi ya makanisa ya mji. Wakubwa walidhani majengo ya baadaye yameshaharibu kila kitu. Kumbe makaburi yalikuwa chini zaidi, yamefunikwa na kifusi cha futi nyingi. Wakaanza kuyafukua kwa haraka, ratiba ya ujenzi ikiwasukuma, na watu Weusi wa New York wakaambiwa baadaye kama watazamaji. Mji uliwaka. Watu walikesha pale wakiomba, wakamwaga tambiko, wakaandamana, mpaka mwaka 1992 Bunge la Marekani likaingilia na kazi ikasimamishwa.

Kilichofuata kilibadilisha fani yetu. Mabaki yalipelekwa Chuo Kikuu cha Howard, cha Weusi, chini ya Michael Blakey, na yeye akafanya jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tumelifikiria: kabla ya kupima mfupa hata mmoja aliwauliza wazao wanataka kujua nini. Yeye mtaalamu akawa kama fundi aliyeajiriwa, wao wakawa wenye kazi. Walitaka kujua watu wale walitoka wapi Afrika, waliishi maisha gani, walipinga vipi, na desturi zao ziligeukaje ugenini. Wataalamu wa mwanzo walikuwa na hamu zaidi ya kupima mafuvu na kuainisha asili. Mifupa ni ileile, lakini swali likibadilika, jibu nalo hubadilika. Waliofukuliwa walikuwa 419, karibu nusu yao watoto. Oktoba 2003 walirudishwa ardhini palepale, ndani ya majeneza yaliyochongwa Ghana, kwa msafara na dua. Mwaka 2006 pakatangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la taifa.

Kwa hiyo mwambie Baba Zuhura: anachokiita mkosi, sisi tulikipata kwa jina lingine, tukaadhibiwa nacho, na tukajifunza. Ua wa nyumba si makaburi na hapatafutwi mfupa wa mtu. Ukitokea, kazi yote inasimama hapohapo, polisi na mchunguzi wa vifo wanaitwa kwanza, halafu wanaitwa watu wa mtaa na viongozi wao wa dini. Muulize kiongozi wa uchimbaji utaratibu huo kabla hujaanza. Akibabaika, rudi nyumbani.

Katika makaburi yale alikuwamo mwanamke mmoja wa makamo. Meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa, na kiunoni alizikwa na mkanda wa shanga za kioo na simbi. Vitabu vya wataalamu vimeeleza kwa kurasa nyingi maana inayowezekana ya shanga za kiunoni. Wewe Mama Zuhura ungehitaji kurasa ngapi?

Hapo ndipo ninapolijibu swali lako la tatu. Sikuambii kwamba mwanamke yule alikuwa wa kwenu. Wengi wa walioletwa New York walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, ingawa meli za watumwa zilifika hata Madagaska. Usijitwalie wafu wa watu. Wazao wa mtaa huo, kanisa lile na wazee wake, ndio wenye neno la mwisho, na wewe ni mgeni aliyekaribishwa. Lakini mgeni ana macho.

Kule Annapolis, Maryland, mwaka 1991, kwenye jumba la tajiri Charles Carroll, wachimbaji walikuta kwenye kona ya chumba cha chini, walikofanya kazi watumwa, fungu la mawe ya fuwele na vitu vidogo vidogo vimefunikwa bakuli lililopinduliwa, chini yake pamechorwa alama kama nyota. Miaka ishirini nyuma mtu angeweza kuandika “takataka mchanganyiko” akaendelea. Safari hii waliuliza watu wanaojua dini za Afrika, wakaambiwa hicho ni kinga, kimewekwa kwa makusudi na kimewekwa pahala pake. Mimi nilipoonyeshwa picha niliguna tu. Sisi tuna neno lake: fingo. Pale Gede, karibu na Malindi, mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba kati ya 1948 na 1958 alikuta vyungu vilivyofukiwa kwenye malango ya mji na ya nyumba, na vibarua wake wa pwani walijua wanachokitazama. Fingo la Gede na fungu la Annapolis si ndugu wa damu. Ila mtu aliyelelewa akijua kwamba kizingiti kina mambo, hataokota sarafu iliyotobolewa chini ya mlango akaiandika “sarafu”. Atasema jamani, subirini, mbona imetobolewa?

Na macho hayatoki ng'ambo tu. Miaka yangu ya mwanzo Marekani nilifanya kazi kwenye ua mmoja wa mtaa kama wenu. Ikatoka pande la chuma lenye kutu, lina meno. Mwanafunzi wa uzamili akaliandika kuwa kifaa cha karakana. Mimi nikakubali, nilifikiri ni cha kusukia kamba. Bibi mmoja wa mtaani, aliyekuwa akija kila siku na kiti chake na mwavuli kutusimamia kwa mbali, akalitazama akacheka mpaka akajishika mbavu. Lilikuwa chanuo la kunyooshea nywele, lile linalowekwa jikoni likapata moto. Akatuonyesha kovu lake la sikio. Kisha akaanza kusimulia: nani alikuwa anatengeneza nywele jikoni mwake siku za Jumamosi, alilipwa kiasi gani, nani alikopa hakulipa. Nyumba ile sisi kwenye karatasi tulikuwa tumeiandika “makazi ya mfanyakazi wa reli”. Kumbe ilikuwa pia saluni, na pesa ya mke ndiyo iliyosomesha. Hati zote zilikuwa na jina la mume. Tangu siku ile kwenye uchimbaji wangu kiti cha mzee kinawekwa kando ya chekeche kabla ya kuteremshwa ndoo.

Yako mambo ya kuangalia. Tangazo lenu linasema ua utajengwa. Anayejenga ni nani, na uchimbaji umelipiwa na nani? Pesa ya serikali kuu ikihusika, sheria ya mwaka 1966 ya kuhifadhi mahali pa kihistoria inadai athari zichunguzwe kwanza. Mwekezaji binafsi asiyehitaji ruhusa maalumu ya jiji hadaiwi hivyo, na anaweza kukaribisha watu wachimbe Jumamosi tatu, wakapigwa picha wakitabasamu, kisha akamwaga zege akiwa na sifa njema. Sisemi ndivyo ilivyo kwenu. Kwa kuwa aliyeita ni kanisa, nina matumaini. Lakini fahamu kwamba huko Marekani kilichotoka kwenye ardhi ya mtu binafsi ni mali ya mwenye ardhi, tofauti na Tanzania ambako hata kuchimba kwenyewe kunahitaji leseni ya idara ya mambo ya kale. Kwa hiyo panatakiwa karatasi iliyosainiwa mapema inayosema vitu vitakwenda wapi. Vya Seneca Village viko kwenye ghala la akiolojia la jiji, vinaweza kutazamwa. Vya miradi mingine nimeviona kwenye maboksi chini ya ngazi.

Maana kuchimba ndiyo sehemu rahisi. Wiki mbili za mwiko huzaa miezi ya kuosha vigae kwa mswaki, kupanga, kuandika namba, kuandika ripoti, na hapo vumbi la hamasa limeshatua na watu hawaji. Hata Weeksville, yenye jina na jengo jipya la kisasa, mwaka 2019 ilitangaza kwamba inakaribia kufunga milango, ikaomba dola 200,000, na maelfu ya watu wakachanga kupita kiasi hicho. Ukitaka kuwa mtu wa maana kwenye mradi, jiandikishe kuosha vigae mwezi wa Novemba.

Utasikia pia mnong'ono wa kodi za nyumba, kwamba mtaa ukishaitwa wa kihistoria matajiri hufuata. Wanaonong'ona wana sababu. Nimeona kibao cha shaba cha kumbukumbu ya wakazi Weusi kimebandikwa kwenye jengo ambalo hakuna mkazi wa zamani anayeweza kupanga chumba. Akiolojia haileti matajiri, walikuwa njiani, lakini inaweza kupendezesha matangazo yao. Dawa ninayoijua ni wakazi kushika kalamu: wao waandike maneno ya kibao, wao wawe kwenye kamati, na jina la mtaa lisiuzwe bila wao.

Mwisho ni afya, na hili nalisema kwa kukazia kwa sababu una mtoto. Udongo wa nyua za Brooklyn mara nyingi una madini ya risasi, yaliyotoka kwenye rangi za zamani za nyumba na moshi wa petroli ya miaka ile. Risasi huharibu ubongo wa mtoto mdogo. Waulize kama udongo umepimwa. Vaa glovu, usile wala usinywe ukiwa kwenye mraba, nawa mikono kwa sabuni, na hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Kama Zuhura hajafika miaka sita, mwache nyumbani au akae mbali na vumbi. Ukirudi, viatu viache nje ya mlango na nguo uzifue peke yake. Magoti yatauma Jumapili. Chukua kijimto cha kupigia magoti. Na Baba Zuhura mchukue akakae kwenye kile kiti cha kando ya chekeche, amsikilize bibi atakayemkuta hapo.